Namna ya Kuandika Habari za Makabila ya Wilaya ya Kijijini: Mwongozo Kutoka Tanga

Mtu anayeandaa wasifu wa wilaya, iwe kwa halmashauri, kwa kijitabu cha shule au kwa andiko la mradi, hufika mahali ambapo hana budi kueleza wakazi wa wilaya hiyo ni watu gani, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Kishawishi cha kwanza ni kuandika asilimia: Wabondei kiasi hiki, Wasambaa kiasi kile, na wengineo kiasi kilichobaki. Kishawishi hicho kina chanzo chake. Tumezoea kusoma maelezo ya kaunti za Marekani, ambako sensa humwuliza kila mtu rangi yake, kisha humwuliza kwa swali la pembeni kama ana asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, na tangu mwaka 2000 humruhusu kuchagua rangi zaidi ya moja. Kwa sababu hiyo hata Kaunti ya Loving katika jimbo la Texas, ambayo sensa ya 2020 iliikuta na watu 64 tu, yaani watu wasiotosha kufanya kitongoji kimoja cha Pangani, ina jedwali lake la rangi na asili za wakazi. Mwandishi wa Tanga anayechukua kiunzi hicho na kukijaza habari za kwao huishia kubuni namba, kwa kuwa namba za namna hiyo kwetu hazikusanywi.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kuteleza mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliombwa niandike kurasa chache kuhusu Muheza kwa ajili ya kijitabu cha wanafunzi, nami nikaandika kwamba Wabondei ni asilimia 60 ya wakazi wote. Namba ile niliitoa kichwani mwangu, kwa kupima tu majirani zangu na watu niliokuwa nikikutana nao sokoni siku ya gulio. Baada ya muda nikaikuta ndani ya andiko la mradi wa maji, imenukuliwa kwa adabu zote kana kwamba mtu fulani aliwahi kwenda kuhesabu. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu ambao nitaueleza hapa, na jambo lenyewe kwa ufupi ni hili: habari za makabila ya wilaya zetu huandikwa kwa kueleza nani anaishi wapi, alifika lini, alifuata nini, na habari hizo zimetoka kwa nani. Haziandikwi kwa mafungu ya mia.

Sensa ichukuliwe kwanza, lakini ichukuliwe kwa kile ilichouliza. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania kabila lao ilikuwa ya mwaka 1967, ile iliyohesabu watu 12,313,469 katika nchi nzima. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuliuliza swali hilo, na msimamo huo ulitokana na siasa ya kujenga taifa moja baada ya uhuru. Kabla ya uhuru mambo yalikuwa kinyume kabisa, kwani katika hesabu za 1948 na 1957 serikali ya kikoloni iliwahesabu Waafrika kwa zoezi lao na wasio Waafrika kwa zoezi jingine, na hao wa pili ikawagawa katika Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu, Wasomali na machotara. Kwa hiyo ukikutana na andiko lolote linalotoa idadi kamili ya Wazigua au Wadigo wa leo, uliza imetoka wapi. Ama ni ya 1967 au 1957 iliyokuzwa kwa kukisia, ama ni makadirio ya wazungumzaji wa lugha, kama yale yaliyokusanywa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa katika atlasi yake ya mwaka 2009, ama ni kama ile asilimia 60 yangu.

Hata hivyo sensa za karibuni zina mengi ya kukufaa. Zitakupa idadi ya watu, ambayo ni lazima iwemo katika maelezo yako: Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 mwaka 2012 na 2,615,597 mwaka 2022, na Wilaya ya Pangani peke yake ilikuwa na watu 54,025 katika ile hesabu ya 2012. Zitakupa pia uraia, ukubwa wa kaya, na mahali watu walipozaliwa. Hili la mahali pa kuzaliwa ni la thamani, kwa sababu linaonyesha wangapi walihamia kutoka mikoa mingine, lakini lina mtego wake. Mjukuu wa Mmakonde aliyekuja kukata mkonge miaka ya 1950, ikiwa alizaliwa Muheza na baba yake alizaliwa Muheza, kwenye jedwali hilo huonekana mzaliwa wa Tanga sawa na Mbondei ambaye ukoo wake umezikwa hapo kwa vizazi kumi. Kwa upande mwingine, binti wa Kibondei aliyezaliwa Dar es Salaam akarudi kumlea bibi yake katika kijiji cha Magila, Muheza, huonekana mhamiaji. Andika takwimu hiyo kwa jina lake, yaani mahali pa kuzaliwa, wala usiigeuze kuwa takwimu ya kabila.

Ukiwa bado na namba za zamani mkononi, angalia na mipaka. Wilaya zetu zimemegwa mara nyingi kiasi kwamba jina moja huweza kuwa na maana mbili au tatu. Muheza iliwahi kuwa sehemu ya Wilaya ya Tanga; Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002; Mkinga nayo ikakatwa kutoka Muheza miaka michache baadaye; na Upare, ambao leo uko Kilimanjaro, ulikuwa ndani ya Jimbo la Tanga wakati wa Waingereza. Maana yake ni kwamba mtu akichukua maelezo ya zamani yanayosema Handeni ni ya Wazigua na Wanguu, akayanakili kwa Handeni ya leo, atakuwa ameacha sehemu kubwa ya Wanguu upande wa pili wa mpaka, huko Kilindi. Kabla hujaandika mstari mmoja, tandika ramani ya kata za leo mezani.

Hatua inayofuata ndiyo iliyo ndefu kuliko zote, nayo ni kuyapanga makundi ya watu kwa mahali na kwa wakati wa kufika. Nitachukua mkoa wetu kuwa mfano. Juu milimani, Lushoto na sehemu za Korogwe, ni kwa Wasambaa, na pamoja nao wamo Wapare na Wambugu, ambao lugha yao ya ndani, Kimaa, imewashughulisha wataalamu kwa muda mrefu kwa sababu msamiati wake mwingi ni wa Kikushi ilhali sarufi yake ni ya Kibantu. Chini yake, katika bonde lililowapa jina lao, wako Wabondei. Kusini na magharibi, tambarare za Handeni hadi pwani ya Pangani, ni kwa Wazigua. Vilima vya Kilindi ni kwa Wanguu. Kisambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu ni lugha za ubavu mmoja, na watu wake husikilizana bila mkalimani ikiwa kila mmoja atasema pole pole, ndiyo maana baadhi ya wazee huwaita wote Waseuta. Kaskazini mwa pwani, Mkinga kuelekea mpaka wa Kenya, wako Wadigo, ambao ndugu zao wa Kwale wametenganishwa nao na mpaka tu, na Wasegeju wa Moa na vijiji vya jirani. Huko huko Bwiti na Daluni kuna Wadaiso, watu wachache ambao lugha yao ina undugu na Kikamba kuliko na lugha yoyote ya majirani zao, na ambao hupotea kabisa katika wasifu nyingi kwa sababu mwandishi hakufika huko. Pwani yenyewe, kutoka Tongoni na Kigombe hadi Pangani mjini, wako watu wanaojitambulisha kwa mji wao au kwa Ushirazi, yaani dai la asili ya Uajemi, na wanaozungumza Kiswahili kama lugha ya mama, kikiwemo Kimtang'ata ambacho mgeni kutoka bara hukisikia kama Kiswahili kilichopinda.

Usije ukaliita kundi lolote kati ya hayo “wenyeji” na kuishia hapo, kana kwamba walichipuka ardhini. Wakilindi, yaani ukoo wa machifu waliotawala Usambara kutoka mji wao wa Vugha na ambao enzi zao zilifika kilele chini ya Kimweri ye Nyumbai aliyefariki mwaka 1862, husimulia wenyewe kwamba babu yao Mbegha alitoka Unguu. Wadigo na Wasegeju husimulia safari kutoka kaskazini. Neno linalofaa ni “waliotangulia”, nalo lisindikizwe na maelezo kwamba habari hizo ni za mapokeo ya wazee.

Baada ya hao waliotangulia yaje makundi yaliyofuata kazi, na kwa Tanga hiyo ni habari ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg; iliyofika hai na kupandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto Pangani, ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoubadilisha mkoa mzima. Mwaka huo huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea bara. Mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu, hasa kwa kuwa Msambaa mwenye migomba yake hakuona sababu ya kukatwa miguu na miiba ya mkonge wa mtu mwingine. Basi wakaletwa watu kutoka mbali, na kuanzia 1944 kazi ya kuwaandikisha ikashikwa na shirika la wenye mashamba lililojulikana kama SILABU, ambalo mawakala wake walikwenda hadi Kigoma, Njombe na Songea. Wafanyakazi hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Ndivyo walivyofika Muheza, Korogwe na Pangani Wabena, Wangoni, Wahehe, Wanyakyusa, Waha, Warundi na Wanyamwezi, na kutoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mkataba ulipokwisha na kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, kujaa, wengi hawakurudi. Ukitaka kuwapata wazao wao leo, fuata majina ya vitongoji yenye neno “kambi”, na waulize wazee waliokaa karibu na korona, yaani kiwanda cha kuchambua mkonge, nani alikuwa jirani ya nani. Mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, yana historia ya namna hiyo pia, ingawa kwa idadi ndogo zaidi.

Tabaka la tatu ni la watu ambao katika lugha ya kikoloni waliitwa wasio Waafrika, na hapa kwetu mwandishi huwaandika kwa sentensi moja ama hawaandiki kabisa. Waarabu wenye asili ya Omani walikuwa na mashamba ya miwa katika bonde la mto Pangani katika karne ya 19, na ni katika mji huo huo Bushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani tarehe 15 Desemba 1889 baada ya vita vyake dhidi yao. Wahindi, kwa upande wao, si kundi moja: wamo Waismailia, Waithnaashari, Mabohora na Wahindu, kila jumuiya na mahali pake pa ibada na makaburi yake, na ukipita Pangani au Muheza mjini utaona majina na miaka kwenye kuta za mbele za maduka ya zamani hata pale ambapo familia zenyewe zilikwisha hamia Tanga au Dar es Salaam. Wagiriki na Wazungu wengine wenye mashamba walipungua sana baada ya mashamba mengi ya mkonge kutaifishwa mwaka 1967. Mtu akiandika “wako pia Waarabu na Wahindi wachache” hajasema uongo, lakini hajasema kitu.

Tabaka la mwisho ni la waliofika katika kumbukumbu ya watu walio hai. Vijiji vya Ujamaa vya miaka ya 1970 viliwakusanya watu waliokuwa wakiishi wametawanyika, na katika vijiji vingi vya Handeni na Pangani ndipo koo zilizokuwa mbalimbali zilipopanga nyumba ubavu kwa ubavu. Wafugaji wa Kimaasai, wakiwemo Waparakuyo, pamoja na Wabarbaigi na Wasukuma wameshuka na mifugo yao kufuata malisho. Handeni ina mifano miwili ambayo mwandishi hapaswi kuiacha. Wa kwanza ni Chogo, ambako wakimbizi wa Kisomali wenye asili ya Kibantu walihamishiwa mwaka 2003. Miongoni mwao wamo wanaozungumza Kizigua, kwa kuwa mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Uzigua katika karne ya 19 hadi bonde la mto Juba, na vizazi kadhaa baadaye wakarudi wakiwa wakimbizi na wengi wakapewa uraia wa Tanzania. Wa pili ni Msomera, ambako kuanzia Juni 2022 serikali ilianza kuzipeleka familia za Kimaasai kutoka Ngorongoro. Wasifu wa Handeni ulioandikwa mwaka 2021 ulikuwa umepitwa na wakati mwaka uliofuata, ndiyo sababu kila aya ya maelezo haya ni lazima iwe na tarehe yake.

Sasa funga maktaba uende kijijini, kwani tabaka hizi zote usipozithibitisha kwa watu zitabaki mchoro. Usiende mkono mtupu. Kama kazi yako ni utafiti rasmi, kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia kinatangulia. Kama ni kazi ya shule au ya halmashauri, barua ya utambulisho kutoka ofisi ya wilaya inatosha, nayo huonyeshwa kwa ofisa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, ambaye atakupeleka au atampa mwenyekiti wa kitongoji akupeleke. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa zinazofichua asili ya mtu kikabila miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo usikusanye orodha ya kaya na makabila yao majina kwa majina. Unachotafuta ni habari za kijiji, na habari za kijiji hazihitaji jina la mtu.

Swali “wewe kabila gani?” ni swali baya, na si kwa sababu za adabu tu. Hujibiwa kwa neno moja, na mara nyingi neno hilo ni lile ambalo mjibuji anadhani unalitaka. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya mvua na mazao, uliza mambo yanayozunguka swali hilo. “Mzee, wazazi wako walizikwa wapi?” ni swali linalofungua mlango, kwa kuwa mahali pa makaburi husema mengi kuliko mahali pa kuzaliwa. “Bibi yako alikuwa akikusemesha kwa lugha gani?” hukupa lugha iliyokuwa hai vizazi viwili nyuma hata pale ambapo wajukuu wote sasa husema Kiswahili. “Kwenye msiba wenu, watani wanaokuja kuwasumbua ni nani?” ni swali ninalolipenda kuliko yote. Utani wa makabila una mpangilio wake wa zamani, kama ule wa Wazigua na Wanyamwezi uliotokana na njia za misafara, na mtu aliyesahau kabila la babu yake hukumbuka vizuri kabisa nani alijitupa kaburini siku ya maziko ya babu huyo hadi akapewa chochote.

Maswali ya ukoo yataka uangalifu zaidi, kwa sababu si makabila yote ya hapa yanayohesabu kwa baba. Wasambaa na Wabondei huhesabu kwa upande wa baba. Wazigua na Wanguu, pamoja na ndugu zao wa kusini kama Wakwere, Wadoe, Wazaramo na Waluguru, kwa desturi yao ya asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Na Wadigo nao walikuwa hivyo hadi sheria ya mirathi ya Kiislamu ilipoingia na kuchanganyika na desturi. Tazama basi kinachotokea katika kijiji cha Muheza kinachopakana na Uzigua: baba Mbondei akimwoa mke Mzigua, watoto wanaweza kuhesabiwa Wabondei kwa upande mmoja na watu wa ukoo wa mama yao kwa upande mwingine, na kila upande uko sahihi kwa sheria yake. Akiolewa Mbondei wa kike na Mzigua, kwa desturi kali mtoto anaweza kukosa pa kuangukia, ingawa kwa kweli yeye mwenyewe hujichagulia, na mara nyingi hujichagulia kijiji alichokulia. Ukishaliona jambo hili kwa macho yako hutatamani tena kuandika asilimia. Andika badala yake kwamba ndoa za makabila haya mawili ni za kawaida, na kwamba watoto hujitambulisha kwa namna zaidi ya moja.

Liko jambo moja ambalo ni heri kuliacha lijitokeze lenyewe. Katika mwambao wote, Pangani ikiwemo, wako watu ambao mababu zao waliletwa kama watumwa kulima mashamba, na ambao baada ya uhuru wao walichukua jina la mji, la ukoo wa bwana, au la kabila la jirani. Kuulizia asili hiyo mbele ya watu ni kumvua mtu nguo. Historia ya utumwa wa bonde la Pangani iandikwe, tena kwa uwazi, lakini iandikwe kama historia ya mashamba na ya mji, na mtu asitajiwe nasaba yake isipokuwa ameisimulia mwenyewe na kutaka iandikwe.

Majina nayo yana heshima zake. Kanuni yangu ni kutumia jina ambalo watu hujiitia, kwa umbo lake la Kiswahili: Wasambaa, Wazigua, Wanguu. Jina “Wamang'ati” ni la Wamaasai kwa maadui zao, kwa hiyo waandike Wabarbaigi au Wadatoga. “Wakwavi” waandike Waparakuyo. Neno “chotara” linapatikana katika nyaraka za zamani, na ukilinukuu lieleze kuwa ni la nyaraka, kwa maana wako wanaoliona ni tusi. Na kwa faida ya wageni wa mkoa huu, “wagosi” si kabila: mgosi ni mwanamume kwa lugha za huku, na jina hilo ni la utani kwa watu wa Tanga kwa jumla.

Unapoandika, aya moja iliyo wazi ni bora kuliko jedwali. Kwa Pangani ningeandika hivi, kisha ningeweka tarehe chini yake:

“Wilaya ya Pangani ilikuwa na watu 54,025 mwaka 2012. Sensa haiulizi kabila, kwa hiyo maelezo haya yanatokana na mazungumzo na wazee wa vijiji na kumbukumbu zilizoandikwa. Vijiji vingi vya ndani na vya kusini mwa mto ni vya Wazigua kwa asili, na upande wa kaskazini wako pia Wabondei. Mjini na katika vijiji vya wavuvi wako watu wanaojitambulisha kwa mji wao au kwa Ushirazi, pamoja na familia za asili ya Kiarabu. Katika vijiji vilivyokuwa kambi za mkonge wanaishi wazao wa wafanyakazi waliotoka kusini na magharibi mwa Tanzania na Msumbiji. Wafugaji wa Kimaasai na Wabarbaigi wamefika katika miongo ya karibuni. Kiswahili ni lugha ya wote. Kizigua husikika zaidi majumbani mwa wazee.”

Aya hiyo haina namba zaidi ya moja, na hiyo moja ina mwaka wake. Inasema imepata wapi habari zake. Kila kundi lina mahali pake, na neno “wengineo” halimo. Ukijikuta unalihitaji, ujue kuna kitongoji hujafika.

Anayeandika kuhusu Bagamoyo atafuata njia hiyo hiyo akibadili majina. Waliotangulia ni Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua. Mahali pa mkonge pawekwe misafara, iliyoleta Wanyamwezi wapagazi kwa maelfu, na misheni ya Kikatoliki ya mwaka 1868 iliyowakalisha pamoja watumwa waliokombolewa kutoka kila upande wa bara. Miongoni mwa wafanyabiashara wa Kihindi asiachwe Sewa Haji, tajiri wa Kiismailia aliyegharimia hospitali. Aangalie tu mipaka, kwa sababu Chalinze sasa ina halmashauri yake, na sehemu kubwa ya Ukwere, Msoga na Lugoba zikiwemo, iko upande huo.

Kazi ya mwisho ni kuirudisha aya kijijini kabla haijachapwa. Nenda nayo siku ambayo si ya gulio wala ya mazishi, uisome kwa sauti mbele ya wazee watano au sita, wanawake wawemo, na usiwe mwepesi wa kujitetea. Watakaobishana nawe kuhusu nani alifika kwanza wasikilize, uandike kauli zote mbili. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, katika kijiji kimoja cha Muheza, bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliniuliza kwa nini nimewaandika watu wa kambini mwishoni ilhali ni wao waliochimba kisima ambacho kijiji kizima kinanywa. Niliihamisha sentensi ile papo hapo, kwa kalamu, naye akaniambia sasa nisome tena kuanzia juu.